Zilipendwa Zile Zile, Jumapili Hata Jumapili

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalilalamikia tukiwa tumekaa barazani, lakini mara chache tunajiuliza limetokana na nini. Jambo lenyewe ni vipindi vya zilipendwa katika redio zetu za biashara. Kwa nini vinapiga nyimbo zile zile, kwa mpangilio karibu ule ule, wiki nenda wiki rudi?

Kaa Jumapili mchana katika duka lolote pale Mwanga, au kule Ujiji, redio ikiwa imefunguliwa. Kipindi kinaanza. Mtangazaji hajamaliza kusalimia, mwenye duka amekwisha kuutaja wimbo wa kwanza kwa jina. Ni wa Mbaraka Mwinshehe. Utafuata wa Marijani Rajabu. Halafu Mlimani Park, na katika nyimbo zote za Mlimani Park ni ule ule mmoja. Halafu tutavushwa hadi Kinshasa kwa Franco, na huko tutapewa "Mario". Kisha matangazo ya simu na ya sabuni, kisha salamu, kisha mzunguko unaanza upya. Kijana ambaye hakuwahi kuiona hata moja ya bendi hizo jukwaani anaujua mpangilio huo kama anavyovijua vituo vya treni akitoka Kigoma: Kazuramimba, Uvinza, Malagarasi, Nguruka, Kaliua, Urambo.

Sina ugomvi na wanamuziki hao, la hasha. Mbaraka alikufa kwa ajali ya gari nchini Kenya mwezi Januari 1979, hajatimiza hata miaka 40, na katika muda huo mfupi alikuwa amekwisha kutunga na kurekodi nyimbo nyingi mno, kwanza na Morogoro Jazz na baadaye na Super Volcano. Ndiyo maana nauliza. Mtu aliyeacha kazi nyingi kiasi hicho, kwa nini watoto wetu wanamfahamu kwa nyimbo nne au tano tu?

Ukiwauliza watangazaji watakupa jibu moja kati ya mawili. La kwanza, kwamba nyimbo za zamani zilizopo ni chache. La pili, kwamba wasikilizaji wenyewe ndio wanaoziomba hizo hizo. Hebu tuyatazame majibu hayo, maana kila moja lina ukweli kidogo ndani yake, na ukweli kidogo ndio unaotupoteza njia.

Tuanze na hilo la uchache. Utangazaji wa redio Tanganyika ulianza mwaka 1951 kwa kituo cha Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD tuliyoizoea wote. Nchi yetu wakati huo haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi iliyotaka santuri ilibidi kazi yake ipelekwe Nairobi, na mpaka wetu na Kenya ulipofungwa mwaka 1977, ukakaa umefungwa hadi mwaka 1983, njia hiyo nayo ikawa ya shida. Kwa hiyo mlango mkubwa wa bendi kusikika ulikuwa studio ya RTD pale Barabara ya Pugu, ambayo sasa inaitwa Barabara ya Nyerere. Bendi ilikwenda na nyimbo zake, maneno yakakaguliwa, kisha wanamuziki wote wakapiga kwa pamoja, waimbaji, magitaa, tarumbeta na tumba, siyo kama siku hizi ambapo kila mmoja anakuja kwa zamu yake. Wimbo ukaingia kwenye mkanda mkubwa wa sumaku, mkanda ukaandikwa jina, ukapangwa kwenye rafu.

Wala hazikuwa bendi za Dar es Salaam peke yake. Mji wa Tabora pekee ulikuwa na Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids. Tanga walikuwa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Morogoro, pamoja na bendi ya Mbaraka, kulikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965. Musoma walikuwa na Mara Jazz. Na sisi hapa Kigoma tulikuwa na Lake Tanganyika Jazz. Shem Karenga, ambaye nchi nzima inamjua kwa wimbo wa "Kalala" aliopiga na Tabora Jazz, alianzia muziki hapa hapa, katika Lake Tanganyika Jazz. Waulize vijana wa Katubuka na wa Gungu kama wamewahi kuusikia hata wimbo mmoja wa bendi hiyo ya mji wao katika redio. Usiwalaumu wakikukodolea macho.

Mikanda iliyojazwa RTD kwa miaka hiyo yote ni maelfu. Basi nyimbo si chache. Zilizo chache ni zile zilizotoka kwenye rafu zikaingia katika kompyuta za vituo vya leo. Jinsi zilivyoingia ndiyo habari ninayotaka tuielewe vizuri.

Mwaka 1993 Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma za Utangazaji, ikaruhusu watu binafsi kumiliki redio. Katikati ya miaka hiyo ya 1990 zikaanza Radio One ya Dar es Salaam na Radio Free Africa ya Mwanza, baadaye kidogo Clouds FM, kisha zikaota nyingine nyingi kama uyoga baada ya mvua. Redio mpya inahitaji muziki tangu asubuhi ya kwanza. Lakini ile mikanda ilikuwa mali ya redio ya serikali, ndani ya jengo la serikali. Mwenye redio mpya ilibidi atafute alichoweza kukipata: kaseti zilizouzwa sokoni, sahani chache za CD, santuri za mjomba wa fundi mitambo. Nyimbo zilizobahatika kutolewa kwa santuri Nairobi, au kuuzwa kwa kaseti, zikawa ndizo zilizoingia. Ule ambao haukuwahi kutoka nje ya jengo la RTD haukuingia, hata kama mwaka 1975 ulikuwa ukiimbwa na watoto barabarani.

Kompyuta zilipokuja, nyimbo hizo zikahamishiwa humo. Kituo kilichofuata hakikuanza kazi hiyo upya, kilinakili. Mtangazaji akihama kituo anahama na nyimbo zake mfukoni, katika kidude kisichozidi kidole. Mimi mwenyewe nimewahi kusikia wimbo mmoja wa zamani ukikatika kabla ya kufika mwisho, mahali pale pale, katika vituo vitatu tofauti vya mikoa mitatu tofauti. Nilidhani ni mitambo mibovu. Haikuwa mitambo. Mtu fulani, mahali fulani, miaka mingi iliyopita, alirekodi wimbo ule kwenye kaseti, kaseti ikaisha upande kabla ya wimbo kwisha, na tangu hapo nchi nzima inasikiliza kaseti ya mtu huyo mmoja.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Chukua kipindi cha saa mbili, yaani dakika 120. Toa nusu saa ya matangazo, salamu na maneno ya mtangazaji. Zimebaki dakika 90. Wimbo wa dansi wa enzi zile, pamoja na chemko lake, unachukua dakika sita, saba, pengine tisa. Tuseme saba. Basi kipindi kimoja kinameza nyimbo 12 au 13, na kwa mwaka wenye Jumapili 52 zinahitajika kama nyimbo 650. Kituo chenye nyimbo 60 katika kompyuta yake kitaupiga kila mmoja mara kumi na zaidi kwa mwaka, na kama mtangazaji ana vipenzi vyake, basi hivyo vitafika mara ishirini na wewe utadhani ni wimbo wa taifa. Lakini kituo chenye nyimbo 2,000 kingeweza kwenda miaka mitatu bila kurudia hata mmoja. Tofauti ya hivyo viwili iko katika kitu kidogo sana: nani alikwenda kutafuta, na nani alinakili.

Jibu la pili, la kwamba wasikilizaji ndio wanaoomba. Ni kweli wanaomba. Zamani tulinunua kadi za salamu, tukaandika majina ya ndugu na jamaa mpaka nafasi ikaisha, tukapeleka posta na kungoja wiki kadhaa. Leo unatuma ujumbe wa simu na jina lako linasomwa kabla chai haijapoa. Lakini tazama, msikilizaji anaomba anachokijua. Hawezi kuomba wimbo ambao hajausikia kwa miaka 30, na kijana hawezi kabisa kuomba ambao hajapata kuusikia. Redio inapiga nyimbo 60, msikilizaji anaomba kutoka katika hizo 60, redio inasema ameziomba yeye. Ni sawa na mama ntilie anayepika wali na maharage kila siku, kisha akaeleza kwamba wateja wake hawapendi migebuka.

Hapa naomba tutoke kidogo nje ya nchi, kwa sababu ugonjwa huu haukuanzia kwetu, na kule ulikoanzia umekwenda mbali zaidi hata unaonekana vizuri.

Marekani, katika miaka ya 1950, alikuwako mwenye redio mmoja katika mji wa Omaha, jina lake Todd Storz. Inasimuliwa kwamba aliona watu kwenye migahawa wakitia sarafu katika mashine ya santuri na kuchagua wimbo ule ule tena na tena, na hata wahudumu waliousikia mchana kutwa nao wakatia sarafu zao kuuchagua huo huo. Akaamua redio yake ipige nyimbo chache zinazopendwa, na izirudie. Ikafaulu kibiashara, wengine wakaiga. Mwaka 1967 mtangazaji mwingine, Tom Donahue wa San Francisco, akafanya kinyume: akawaachia watangazaji wa FM wachague wenyewe kutoka kwenye rafu, wapige nyimbo ndefu za roki ambazo redio nyingine hazikuzigusa. Kwa miaka michache msikilizaji wa Kimarekani hakujua saa ijayo itamletea nini.

Uhuru ule haukudumu. Wakaja washauri wa biashara na orodha zao. Mwaka 1979 ikatokea programu ya kompyuta iitwayo Selector, iliyokuwa ikimpangia mtangazaji wimbo upi upigwe saa ngapi. Katika miaka ya 1980 kikazaliwa kile ambacho kwao ni sawa na zilipendwa zetu: vituo vya kupiga roki ya zamani peke yake, kutwa kucha. Mshauri anayehesabiwa kuwa mmoja wa waanzilishi wake ni Fred Jacobs, na kituo chake cha kwanza kilikuwa Lansing, Michigan, mwaka 1985. Mwanzoni watu walifurahi kweli kweli, kwa sababu nyimbo zilizokuwa zimeachwa zilirudi hewani. Baadaye ndipo ukaja mchujo. Wasikilizaji walipigiwa simu, au walikusanywa ukumbini, wakapigiwa sekunde chache tu za kila wimbo na kuulizwa kama wanaupenda. Wimbo unaotambulika kwa sekunde hizo ulipata alama nyingi. Usiotambulika ulipata chache, ukaondolewa. Mwaka uliofuata ulikuwa haujulikani zaidi, kwa kuwa umeondolewa. Orodha ikawa inajikata yenyewe mkia mpaka zikabaki nyimbo mia chache za roki ya miaka kama 20, wakati santuri zilizotolewa katika miaka hiyo ni maelfu na maelfu. Kundi la Uingereza kama Led Zeppelin lilitoa santuri nane kubwa za studio, lakini mtu wa redio akilitaja tu kundi hilo unajua unaletewa "Stairway to Heaven" ya mwaka 1971.

Mwaka 1996 sheria mpya ya mawasiliano ya Marekani iliondoa kikomo cha idadi ya redio ambazo kampuni moja inaweza kumiliki nchi nzima. Kabla ya hapo kikomo kilikuwa 40. Baada ya miaka michache kampuni moja, Clear Channel, ilikuwa na vituo zaidi ya 1,200. Hapo tena hapakuwa na haja ya mtu wa Omaha kuchagulia Omaha. Orodha ilitoka makao makuu. Kampuni hiyo, ikiwa imekwisha kubadili jina kuwa iHeartMedia, ilikwenda mahakamani kuomba kinga ya mufilisi mwaka 2018, imelemewa na madeni iliyobebeshwa iliponunuliwa.

Kuna jambo moja katika habari hiyo ya Marekani ambalo ndilo ufunguo wa mazungumzo yetu. Mwenye redio ya biashara hauzi muziki. Anauza masikio yako kwa mwenye sabuni. Kwa hiyo swali analojiuliza kabla ya kuweka wimbo si kama utaupenda. Anajiuliza kama utakufanya ugeuze kituo. Maswali hayo mawili yanafanana kwa mbali, lakini yanaleta redio mbili tofauti kabisa. Wimbo ambao utampendeza mno mzee mmoja wa Ujiji na kuwashangaza watu tisa ni hatari kwake. Wimbo ambao watu wote kumi wameuzoea hata hawausikii tena ni salama. Redio inayoogopa kidole chako kwenye kitufe itachagua salama kila mara, na ukiziweka redio kumi zenye hofu moja katika mji mmoja, hutapata aina kumi za muziki. Utapata moja, mara kumi.

Nimewahi kukaa katika kiti hicho, katika kituo ambacho sitakitaja. Siku moja nilipiga wimbo wa Kiko Kids niliopewa na mzee wa Tabora. Simu mbili ziliingia, zote za watu wazima, mmoja alikuwa karibu kulia. Mkubwa wangu akaniita akaniuliza ni nani amenituma kupiga muziki wa makumbusho wakati mdhamini anasikiliza. Sikuwa na jibu la kumpa mdhamini. Jumapili iliyofuata nilirudi kwenye orodha.

Sasa turudi ziwani, maana kwetu sisi wa mwambao huu kuna hasara ya ziada ambayo ndugu zetu wa Dar es Salaam hawaipati.

Wazee wa Kibirizi na Katonga watakueleza kwamba zamani redio ya betri ikiwa ndani ya mtumbwi wakati wa kuvua dagaa ilinasa dunia nzima ya ziwa. Bujumbura, Bukavu, Lubumbashi, na Dar es Salaam nayo hewa ikiwa nzuri. Hilo lina sababu yake. Redio hizo zilikuwa za masafa ya kati na masafa mafupi. Mchana kuna tabaka la hewa ya juu ambalo hunyonya mawimbi ya masafa ya kati, hivyo yanafika karibu tu. Jua likizama tabaka hilo hutoweka, mawimbi yanapanda juu zaidi, yanagonga tabaka jingine na kurudi ardhini mamia ya kilomita kutoka yalikotoka. Saa zile zile mvuvi anapowasha taa zake ndizo saa ambazo redio za mbali zinaingia.

Na umbali wenyewe uko upande wetu. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,250. Bujumbura haifiki kilomita 200 kwa mstari ulionyooka, na Kalemie ng'ambo ni kama 130. Ndiyo maana masikio ya mtu wa Kigoma yalilelewa na pande zote mbili za maji. Mwenda Jean-Bosco, yule bingwa wa gitaa kavu, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 katika mji uliokuwa ukiitwa Jadotville, sasa Likasi, na Kiswahili cha Katanga alichokiimbia ni kile ambacho mtu wa Ujiji hahitaji mkalimani kukielewa. Orchestra Maquis, iliyokuja kutamba Dar es Salaam katika miaka ya 1970 na 1980, ilitokea Kamina, huko huko Katanga. Remmy Ongala, aliyezaliwa Kongo mwaka 1947 na kuingia Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, alikufa Desemba 2010 akiwa mtoto wa Sinza. Muziki tunaouita wa Dar es Salaam umevuka maji na mipaka yetu hii ya magharibi kabla haujafika huko.

FM imebadili mambo. Sauti yake ni safi, sikatai, na haina yale makelele ya kukaanga samaki. Lakini wimbi la FM haligongi tabaka lolote na kurudi. Linakwenda moja kwa moja mpaka pale mlingoti unapoonekana, likikutana na mlima limekwisha. Kila mji ukawa na sauti yake, na kila mji ukawa hausikii wa pili. Lingekuwa jambo jema kama redio ya mji ingepiga muziki wa mji. Badala yake nyimbo zinatoka kwenye ile orodha moja iliyonakiliwa, au kipindi kizima kinarushwa kutoka Dar es Salaam na mtangazaji ambaye Kigoma anaifahamu kwa kutaniwa tu, kwamba ni mwisho wa reli. Tulikuwa na redio yenye makelele iliyotuletea ziwa zima. Sasa tuna redio safi inayotuletea nyimbo 60.

Wengine watasema hayo ni malalamiko ya wazee, vijana wana muziki wao. Haya, tuwatazame vijana. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya mkoa huu walijikusanya kama Kigoma All Stars wakatoa "Leka Dutigite". Diamond Platnumz, mmoja wa wana wa Kigoma, alifungua redio yake, Wasafi FM, mwaka 2019. Ni fahari yetu. Lakini sikiliza vipindi vinavyoitwa vya Bongo Fleva ya zamani, nyimbo za miaka ya mwanzo ya 2000. Tayari zimekwisha kuwa zile zile kumi na tano. Wasanii wa wakati ule walikuwa mamia, na kazi zao nyingi zilirekodiwa katika kompyuta za studio za uani ambazo leo hazipo. Mkanda wa RTD angalau uko kwenye rafu. Kompyuta iliyoungua imeungua.

Tena kuna suala la haki. Tangu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyoanzisha COSOTA, redio inayopiga muziki inapaswa kuulipia. Hata siku malipo hayo yatakapokwenda sawasawa kwa kila mtu, yatafuata nyimbo zilizopigwa. Mjane wa mpiga tarumbeta wa bendi ya mkoani, ambayo haijapigwa hewani tangu Mwalimu yuko Ikulu, hatapata hata senti tano, na hakuna atakayekuwa amemdhulumu kisheria.

Wapo waliojaribu kufungua mlango. Kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa imetoa mfululizo wa sahani uitwao Zanzibara, na ndani yake zimo bendi zetu za dansi za miaka ya 1960. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 mradi ulioitwa Tanzania Heritage Project ulichangisha fedha kwa nia ya kuhamishia mikanda ya RTD, ambayo sasa iko chini ya TBC, katika kompyuta. Kazi hiyo si ya kubofya kitufe. Mkanda wa saa moja unahitaji saa moja kuucheza, tena mashine inayoucheza haitengenezwi kwa wingi kama zamani, na mafundi wanaoielewa wamestaafu. Zaidi ya hayo, mkanda wenyewe unazeeka. Ule unga wa sumaku unaobeba sauti umegandishwa kwenye plastiki kwa gundi, na gundi hiyo hunyonya unyevu wa hewa. Ikishiba unyevu inakuwa nata, na siku mkanda unapochezwa unga unabanduka na kubaki kwenye kichwa cha mashine. Wimbo unasikika mara hiyo moja, ukiwa unafutika.

Kaseti zetu za nyumbani nazo zina maradhi yake, na hewa ya mwambao si rafiki yake. Nazitaja kwa sababu katika nyumba za Ujiji, Mwandiga na Bangwe zimo kaseti zilizorekodiwa usiku kutoka Bujumbura, Bukavu na RTD ya zamani, na baadhi ya nyimbo zilizomo huenda haziko katika kompyuta ya redio yoyote. Ukiwa nayo, usiijaribu kwenye redio kaseti yoyote utakayoikuta. Safisha kwanza kichwa cha mashine kwa pamba na spiriti, kikauke. Peleka kaseti mbele hadi mwisho na uirudishe, ili utepe ulegee, ndipo uicheze, na uirekodi kwenye simu au kompyuta mara hiyo hiyo ya kwanza, kwa waya ukiupata. Mtangazaji akizungumza katikati ya wimbo usimkate, maana huenda yeye ndiye aliyetaja jina la bendi. Andika majina yote unayoyakumbuka. Na kama una nyingi na hujui uanzie wapi, anza na zile za dakika 90. Utepe wake ni mwembamba kuliko wa zile za dakika 60, na ndizo zinazokatika mapema.